Upinde wa Bure Uliotugharimu Friza

Baba Mwende hajui kupita kando ya kitu cha bure. Meza yetu ya kulia ni ya kupewa. Kochi ni la kupewa, na lilikuja na kunguni wake. Baiskeli zilizojaa gereji ni za kupewa, na hakuna hata moja yenye mnyororo. Kwa hiyo mzee wa nyumba ya pili alipouza nyumba ili ahamie kwa bintiye Arizona, akafungua gereji yake na kuwaambia majirani wachukue watakacho, nilijua siku hiyo haitaisha salama. Wenzetu walirudi na ngazi, reki za majani na koleo za theluji. Mume wangu alirudi na upinde.

Sisi tunakaa vitongoji vya kaskazini mwa Minneapolis, jimbo la Minnesota, ambako Wakenya tumekuwa wengi hadi unga wa ugali na sukuma wiki havitafutwi mbali. Upinde, lakini, sikuwahi kuuona mikononi mwa mtu wa kwetu. Na huo haukuwa upinde ule mtu anaoujua. Ukiusimamisha sakafuni ulinifika kiunoni. Una rangi ya majani makavu, una puli ya duara kwenye kila ncha, na katikati nyaya za chuma zimepishana hata hujui upote wenyewe ni upi. Ulikuja na podo lake la plastiki, ndani mna mishale sita ya alumini, nyoya zake zimekunjamana kwa kukaa miaka darini.

Jioni ile ile tukampigia mama mkwe Kitui, tukamwonyesha kwenye simu. Alitazama kimya, akasogeza uso hadi tukaona paji tupu.

"Una magurudumu," alisema. "Sasa mnaupanda au mnauvuta?"

Nieleze kidogo, maana hata mimi ilinibidi nielezwe. Mtu aliyebuni upinde wa namna hii ni Holless Wilbur Allen wa Missouri. Aliomba hataza mwaka 1966, akapewa mwaka 1969, na miaka iliyofuata wawindaji wengi wa Marekani wakauhama upinde wa babu zao. Kisa ni puli zile. Upinde wa kawaida kadiri unavyouvuta ndivyo unavyozidi kuwa mzito, na ule uzito wa mwisho ndio utakaokaa nao huku unalenga. Wa Allen unapanda uzito, halafu puli zinageuka na mzigo unapungua ghafla, wakati mkono umeshafika shavuni. Upinde wa paundi 60 wa zamani kama huu wetu ulikuwa unapunguza kama nusu, kwa hiyo mwindaji anashikilia paundi 30. Wa siku hizi unaweza kupunguza asilimia 80, anashikilia 12. Tofauti ya 30 na 12 huioni dukani ukiwa umesimama wima umepasha mwili. Utaiona mtini asubuhi ya Novemba, vidole vimeganda, na kulungu anayekutazama amekataa kugeuka.

Mimi ni mzaliwa wa Voi, mlangoni pa Tsavo, na kwetu hadithi za Waata tumezisikia tungali wadogo. Wale walivuta pinde za zaidi ya paundi 100, pasipo puli wala nafuu yoyote, wakaangusha tembo kwa mshale wa sumu. Wakamba nao sifa yao ya upinde haihitaji shahidi. Ila mume wangu, kwa majigambo yake yote ya "sisi watu wa mishale", hakuwahi kurusha hata mmoja. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na yeye alizaliwa baada ya hapo. Anachokumbuka ni upinde wa babu yake ulioning'inia juu ya moshi wa jikoni, upote wake wa kano, na kofi alilopigwa siku alipougusa. Amevuka bahari, amekuta nchi ambako msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde unafunguliwa katikati ya Septemba na kufungwa mwisho wa Desemba, ambako mtu ananunua leseni yake kwa amani na sheria inataka upinde uwe na mvuto usiopungua paundi 30. Mwanamume wa namna hiyo utamwambia nini akija na upinde wa bure?

Nilimwambia bajeti. Tulikaa mezani, ile ya kupewa, nikafungua daftari. Tulikubaliana dola 400, zisizidi, kwa kila kitu: upinde, mishale, vigumba na vikorokoro. Yeye akacheka. "Upinde tayari ninao, Mama Mwende. Zitabaki." Sikubishana. Niliandika "upinde: 0" nikaacha nafasi chini yake.

Mtaalamu wa nyumba alikuwa amekaa pale pale anakula, na hakuna aliyemuuliza. Binti yetu Mwende yuko darasa la sita, na shuleni kwao wanafundishwa kulenga shabaha katika kipindi cha michezo. Huo ni mpango wa mashule ulioanzia Kentucky mwaka 2002 ukaenea nchi nzima. Watoto wote hutumia aina moja ya upinde, mwepesi, usio na kipimo cha mtu mmoja, na hufundishwa hatua 11 kuanzia namna ya kusimama. Hata filimbi zina lugha yake: mbili, nenda kwenye mstari, moja, rusha, tatu, nendeni mkachukue mishale, tano au zaidi, kuna hatari, kila mtu asimame.

"Baba, umepima mikono?" aliuliza.

"Mikono yangu naijua."

"Hapana, urefu. Simama ukutani."

Akamsimamisha ukutani mikono imetanuliwa, akaweka alama ya penseli kwenye ncha ya kila kidole cha kati, akapima kwa futi yake ya darasani kipande kwa kipande, ulimi nje. Inchi 69. Akagawanya kwa mbili na nusu kwenye simu yangu. Ikaja 27 na ushei. Ndio urefu ambao baba yake anatakiwa kuvuta, hapo ndipo upinde wake unapaswa kugota. Kisha akageuza upinde wa mzee, akafuta vumbi kwa mkono wa sweta, na karibu na mkono wa chini tukasoma kikaratisi kilichofifia: paundi 60, inchi 30 hadi 32.

"Ni mrefu," Mwende alisema. "Yule babu alikuwa mrefu."

Kweli, alikuwa akiinama mlangoni petu. Pinde za zamani unaweza kuzibadilisha urefu kwa kuhamisha nyaya kwenye mifereji ya puli, inchi moja moja, lakini huu hata ungefika chini kabisa ungekuwa bado unamzidi mume wangu inchi mbili na zaidi. Inchi mbili za kitambaa si kitu, fundi anakunja. Inchi mbili za upinde zinakuvuta kiwiko kwenda nyuma ya sikio, zinakunyoosha mkono wa mbele hadi unajifunga, na upote ukirudi unapita pale pale ulipo mkono wako.

Baba Mwende alisikiliza kwa adabu yote ambayo baba anaweza kumpa mtoto wa darasa la sita. Akasema atajaribu mara moja tu.

Lililofuata nilisimuliwa na mashahidi watatu, na kila mmoja ana toleo lake, kwa hiyo nitashika yale wanayokubaliana. Nilikuwa juu nimelala. Ninafanya zamu ya usiku katika nyumba ya wazee, na mchana kwangu ndio usiku. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuja Jumamosi kusaidia. Msaada wake wa kwanza ulikuwa kuuvuta upinde mtupu, bila mshale, ili "asikie ugumu", na alikuwa karibu kuuachia Mwende alipopiga ukelele uliosikika hadi chumbani. Hapo mtoto aliokoa mengi. Nguvu ya upinde inatakiwa iondoke na mshale. Pasipo mshale inabaki ndani ya upinde wenyewe, na upinde wa umri ule unaweza kupasuka mikononi, vipande vikaruka usoni. Shemeji akaurudisha polepole, mikono ikitetemeka, akasema hakuwa na nia.

Ndugu hao wawili walijaza gunia nguo kuukuu, wakalitundika mwisho wa gereji, wakafunga mlango wa nje ili majirani wasione. Miji mingi ya huku hairuhusu kurusha mishale nyumbani, na hilo walilijua, ndiyo sababu ya mlango. Gunia lilikuwa kulia. Kushoto kwake, hatua mbili, palikuwa na friza langu la kulala, jeupe, la futi saba za ujazo, nililolinunua mimi kwa pesa yangu ya zamu za sikukuu. Ndani ya friza mlikuwa na sambusa za chama chetu cha akina mama, mifuko kwa mifuko, mbichi, tulizokunja jikoni kwangu usiku mzima kwa ajili ya mauzo ya Jumapili kanisani. Kiasi? Za kutosha watu 200, kila mmoja mbili.

Mwende aliwaambia gunia liko karibu na friza. Baba yake akamwambia mtu wa mishale haoni friza, anaona gunia.

Akavuta. Kwa kuwa upinde ni mrefu kwake, kichwa alikirudisha nyuma kuukimbiza upote. Kwa kuwa anashikilia paundi 30 na bado hajazoea, mkono ulianza kucheza. Na kwa kuwa mkono wa mbele umejinyoosha kama fimbo, alipoachia, upote ulimchapa upande wa ndani wa mkono kutoka kiwiko hadi kifundo. Mwili ukaruka. Mshale ukaenda kushoto.

Nilishtushwa na filimbi. Moja, mbili, tatu, nne, tano, zikaendelea. Niliposhuka na kanga yangu, nilikuta watu watatu wamesimama wima kama walivyoamriwa, mume wangu ameshika mkono, na mshale wa alumini umesimama ubavuni mwa friza, nyoya zake za manjano zikitikisika bado. Kulikuwa na sauti ya ssss, ndogo, isiyo na haraka.

Kwa wasiojua, kama mimi nilivyokuwa sijui siku ile: friza za kulala nyingi, bomba la kutoa joto halipo nyuma kama la friji ya zamani. Limezungushwa ndani ya kuta, limebandikwa nyuma ya bati la nje. Ndiyo maana ubavu wake huwa na joto ukiugusa. Ukitoboa popote kwenye bati unabahatisha, na mtu wetu, ambaye gunia la upana wa mlango lilimshinda, bomba jembamba kuliko kidole alilipata. Fundi wa friji niliyempigia aliuliza limetobolewa na nini. Nilipomwambia, alinyamaza, kisha akauliza kama mtu yuko salama, kisha akanieleza kwa upole kwamba kufukua ukuta, kuziba bomba na kujaza gesi upya kutazidi bei ya friza jipya. Akatushauri tufungue mlango wa gereji na tusiwashe kitu, kwa kuwa gesi ya baadhi ya friza za siku hizi inashika moto.

Usiku ule hakuna aliyelala. Sambusa iliyoyeyuka hairudishwi kwenye barafu. Manda inalowa, inashikana na mwenzake, ukiivuta inabaki nyama mkononi. Akina mama wa chama walikuja mmoja mmoja na karai zao na chupa za mafuta. Hakuna aliyefoka. Mwenyekiti alikwenda gereji, akautazama mshale ambao tulikuwa tumeambiwa tusiuchomoe kwanza, akarudi akajifunga leso, akasema, "Haya, tukaange." Tulikaanga hadi alfajiri, kengele ya moshi ikilia kila tulipoisahau, madirisha yote wazi na baridi inaingia. Mume wangu alipewa kazi ya kukata vitunguu vya kachumbari, kwa mkono mmoja, kwa sababu ule mwingine ulikuwa umefanya mstari wa rangi ya zambarau kutoka kiwiko hadi saa. Kila mama aliyepita alimuuliza, "Pole shemeji, ni kulungu?" Naye kila mara alijibu, "Asante."

Jumapili sambusa ziliuzwa zikaisha. Nasema hili kwa sababu baadaye katika mabishano ya bajeti alilitumia kama hoja.

Mama mkwe alipopata habari alitaka kwanza kuona mkono, kisha friza. Akasema neno moja tu, "Rahisi ghali," akakata simu kwenda kukamua.

Jumatatu nilivunja ratiba yangu ya kulala nikaenda naye dukani mimi mwenyewe. Duka la pinde, kwa asiyewahi kuingia, lina harufu ya raba na nta, na pinde zimetundikwa ukutani kwa kimo, za bei chini, za heshima juu. Za juu kabisa zilipita dola 1,000 hata kabla hujanunua mshale. Baba Mwende alizitazama nilivyomwona akimtazama binti yetu siku alipozaliwa, nami nikamshika mkono, ule mzima.

Fundi wa duka, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, alipokea upinde wetu kwa mikono miwili. Hakuucheka. Alitoa pamba kwenye kopo, pamba ya kawaida ya kuondolea rangi za kucha, akaipitisha taratibu juu ya mkono wa juu wa upinde, mbele, nyuma, kingoni. Ikapita. Akaipitisha mkono wa chini. Karibu na pale mkono unapoingia kwenye mshikio, pamba ikasita, na alipoivuta, uzi mweupe mwembamba ukabaki umenasa kwenye ukingo. Hakuna ufa tuliouona kwa macho. Akatupa tushike sisi wenyewe, na nilipopitisha ukucha nikasikia mkwaruzo mdogo. Nyuzi za glasi zimeanza kuachana. Kisha akatuonyesha nyaya za chuma: pale zinapopinda kwenye puli, nyuzi mbili zimeshakatika na kutu imeingia.

Mume wangu aliuliza kama haziwezi kubadilishwa. Fundi alisema upote na nyaya mpya vingemgharimu kama dola 120, lakini yeye upinde wenye ufa hauingizi kwenye mashine ya kuukandamiza. Hata bila ufa, alisema, inchi 30 zitabaki inchi 30. Vipuri vya kuufupisha havitengenezwi tena.

Hapo ndipo daftari langu lilipofunguliwa kwenye kaunta. Upinde wa bure: sifuri, kisha 120 za nyaya, kisha kilengeo, kishikio cha mshale, kifyatulio cha mkononi, mishale dazeni. Jumla ilipita 300 na bado mtu anavuta upinde wa marehemu mrefu. Nimesema marehemu kwa hasira. Mzee yuko hai Arizona, Mungu amweke.

Upande wa pili, upinde mpya wa bei ya chini, ule wanaouita tayari kwa kuwinda: dola 450, kilengeo kimo, kishikio kimo, podo limo. Mishale na kifyatulio, utaongeza. Lakini una dhamana, na fundi anakupima na kuurekebisha ukiwa umesimama pale. Sehemu ya bei hiyo ni kodi: kuna sheria ya mwaka 1937 iliyoelekeza ushuru wa bunduki na risasi kwenye kutunza wanyamapori, na katika miaka ya 1970 ikapanuliwa kubeba pinde na mishale, kwa upinde asilimia 11 ya bei ya mtengenezaji. Mwende alifurahi kusikia kwamba sehemu ya pesa hizo husaidia viwanja vya kulengea na mafunzo ya wawindaji. Mimi nilifurahi kidogo zaidi yake, kwa kuwa kodi ninazoziona zinakokwenda ni chache.

Baba Mwende alikuwa amesimama katikati. Sikuwahi kumwona mtu akihuzunika hivyo mbele ya kitu kipya. Aliniambia kwa Kikamba, ambacho sikijui vizuri, halafu kwa Kiswahili: upinde ukishaingia nyumbani hautupwi. Nikaelewa anaongea na kofi la babu yake, wala si mimi. Na hapo nilimwonea huruma ya kweli. Watu wengi wanaong'ang'ania cha zamani wanasema ni kwa ajili ya pesa, lakini ukiwafungulia daftari pesa inakataa, na bado wanashikilia.

Fundi alitukata kiu. Alikwenda nyuma akaleta upinde uliokuwa umeachwa na mteja auziwe. Umetumika miaka sita. Urefu wa kuvuta unarekebishwa kwa vipande vya pembeni ya puli, unafunguliwa skrubu mbili tu, na uzito unapanda na kushuka kuanzia ule wa mtoto hadi paundi 70. Bei 270, na kilengeo chake. Pamba ikapita mkono wa juu, ikapita wa chini, mbele, nyuma, kingoni, ikatoka safi. Upote ulibadilishwa mwaka uliopita. Kasoro aliitaja mwenyewe: dhamana ya mtengenezaji ni ya mnunuzi wa kwanza, kwa hiyo ukivunjika ni juu yetu. Na hauna kasi ya zile za juu ukutani. Wa mzee wa Arizona hurusha mshale kama futi 200 kwa sekunde, mpya za bei zinapita 300, huu uko katikati.

"Hiyo tofauti," fundi alisema, "kwa yadi 20 kulungu hataiona. Atauona mkono wako unaotetemeka."

Nilinunua hapo hapo. Ongeza mishale ya kaboni na kifyatulio, tulifika 402. Dola mbili nilizisamehe.

Kaboni nayo ina adabu zake. Kabla ya kila mrusho unaukunja mshale kidogo sikioni na kusikiliza, kisha unauzungusha na kukunja tena. Ukilia, unavunjwa na kutupwa, maana mshale wenye ufa unaweza kupasuka wakati unaachiwa na kuingia kwenye mkono ulioshika upinde. Mwende anamsimamia baba yake kwenye hilo kila wanapokwenda kwenye uwanja wa kulengea, na filimbi anayo shingoni ingawa hakuna aliyemwomba.

Kuhusu friza, tulipata la mitumba. Nilikuwa na hesabu ya kulilipia kwa nyama: kulungu mmoja, kilo kadhaa, akina mama wa chama wananunua. Mwende akaniambia nyama ya kulungu wa porini hairuhusiwi kuuzwa. Niliuliza kwingine nikitumaini mtoto amekosea. Hajakosea, unakula, unagawa, huuzi. Kwa hiyo friza lililipwa kwa zamu zangu, na msimu ule halikuingia nyama yoyote ya porini, kwa kuwa Baba Mwende alikaa mtini wikendi baada ya wikendi, akaona kulungu jike na ndama wawili, akasema hakuwa na moyo. Shemeji anasema alikuwa amesinzia. Nimewaachia wao.

Upinde wa mzee uko ukutani sebuleni, juu ya kochi la kupewa. Niliruhusu kwa sharti: fundi autoe upote na nyaya kwanza, ili asije mgeni akauvuta mtupu. Mama mkwe alipouona pale kwenye simu aliuliza kwa nini hauko jikoni kwenye moshi. Nikamwambia huku moshi ukianza tu kengele inalia.

Msomaji unayefikiria kununua, nikuambie lile ambalo lingetuokoa. Kabla ya kuulizia bei, tanua mikono ukutani, gawa kwa mbili na nusu, uende na namba hiyo mfukoni. Upinde usiolingana nayo, hata ukipewa na pesa juu, rudisha. Beba pamba yako. Acha dola 150 za vikorokoro kabla ya kugusa upinde wowote. Ukiwa na uwezo wa kununua mpya wa bei ya chini kutoka kwa mtu atakayekupima, nunua, hutajuta. Ukiwa huna, tafuta wa miaka mitano, sita, unaorekebishika. Usishuke hadi ule wa nyaya za chuma isipokuwa unataka pambo. Na lengea uwanjani, si gereji.

Msimu unafunguliwa tena katikati ya Septemba. Paundi za Baba Mwende ni 50 sasa, urefu inchi 27 na nusu, na Mwende amempa ruhusa ya yadi 20, si zaidi.